Msomaji wa Dirisha la Tatu

"Ondoka kwenye benchi, mzee. Hapa ni posta, si kijiwe."

Mzee mwenye viatu vya vumbi aliinuka, akaenda kusimama karibu na mlango. Karani wa dirisha la tatu, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Muhuri, alilipangusa benchi kwa kitambaa safi. Siku hiyo alitaka likaliwe na mtu wa maana. Makao makuu yalikuwa yamepiga simu: mkaguzi angefika Jumanne hiyo kuliangalia dirisha lake, na neno la mkaguzi ndilo lingeamua kama libaki wazi au lipigiliwe misumari.

Zamani foleni ya posta ile ilifika barabarani. Watu walileta telegramu za misiba, vifurushi vilivyoshonwa kwa gunia, na bahasha zilizolambwa mpaka gundi ikakauka. Sasa dirisha la kwanza liliuza vocha za simu, la pili lilitoa fotokopi, na masanduku ya barua ukutani yalikuwa yameshikwa na kutu. Dirisha la tatu peke yake lilibaki na kazi yake ya asili: kuwasomea barua wasiojua kusoma. Bwana Muhuri alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na tisa, na kwa miaka yote hiyo aliwadharau watu waliompa ugali wake.

"Wajinga wakiisha, na mimi nimekwisha," alipenda kumwambia mwenzake wa vocha. "Basi na wazidi!"

Saa nne aliingia mwanamke aliyevaa suti ya kijivu, mkoba begani, akiwa amemshika mkono mtoto wa kike wa miaka mitano hivi.

"Ndiye huyo," Bwana Muhuri alimnong'oneza mwenzake. "Siku hizi mkaguzi anakuja kazini na mtoto kama anayekwenda gengeni. Kweli tumekwisha." Kisha sauti yake ikageuka asali. "Karibu, mheshimiwa. Keti hapa, nimekuandalia."

"Asante. Nimekuja kusikiliza tu."

"Sikiliza, mheshimiwa. Utaona jinsi wananchi wanavyonitegemea."

Hakumaliza kusema, mara akaingia mama mfua nguo, viganja vyake vimepasuka kwa sabuni, mkononi ana bahasha. Mtoto alitaka kumpungia mkono. Mwanamke wa suti akaushusha mkono ule taratibu. Karani hakumwamkia mama huyo, ingawa umri wake ulikuwa wa kumzaa.

"Umerudi na makaratasi yako, bibi?"

"Nimerudi, baba. Ni ya binti yangu. Leo nisomee polepole."

Bwana Muhuri aliichana bahasha, huku akimkonyeza mgeni wake. "Unaona, mheshimiwa? Mwaka wa tisa huu anapokea barua, na hata herufi a haijui. Ungemfundisha ng'ombe, saa hizi angekuwa anasoma gazeti."

Mwanamke wa suti hakucheka. Karani alizikunjua karatasi nne zilizoandikwa pande zote mbili, akakohoa, akaanza:

"'Mama mpendwa, mimi ni mzima, hofu ni kwako. Kazi ni nyingi, nafasi sina. Usije huku, kwani chumba ni kidogo. Tutaonana Mungu akipenda. Msalimie karani anayekusomea, na ukijaliwa usimsahau kwa kuku. Ni mimi binti yako.'"

Karatasi nne zikaisha kabla chai yake haijaacha kufuka moshi. Mwenzake wa vocha hakushangaa. Watoto wote walioondoka mjini hapo walikuwa watu wa maneno machache, na wote, bila kukosa hata mmoja, walimkumbuka karani.

"Ni hayo tu, baba?"

"Ulitaka msahafu mzima?"

"Hakutaja mtoto?"

"Mtoto gani tena, bibi? Angekuwa na mtoto angeandika."

"Na hataki niende kwake?"

"Hataki. Mwaka jana hakutaka, mwaka juzi hakutaka, na leo hataki. Usinikodolee macho mimi. Mimi ni mdomo tu. Maneno ni yake."

Mama alinyoosha mkono, akaichukua barua, akaikunja mara mbili, akaishikilia kifuani. Bwana Muhuri alikwisha kumsahau. Uso wake wote ulikuwa kwenye benchi.

"Umejionea mwenyewe, mheshimiwa. Likifungwa dirisha hili, watu wa namna hii watajua wapi habari za watoto wao? Naomba uandike hivyo hivyo kwenye ripoti yako."

"Ripoti si yake."

Sauti ilitoka mlangoni. Mzee mwenye viatu vya vumbi alikuwa amefungua daftari, na ukurasa wa kwanza ulikuwa umekwisha kujaa.

"Mkaguzi ni mimi," alisema. "Na nimesikia kila neno."

Bwana Muhuri alicheka, kisha akaliona daftari. Macho yake yalitoka kwenye daftari, yakapita kwenye benchi alilolipangusa kwa mkono wake mwenyewe, yakakwama kwenye suti ya kijivu.

"Kama mkaguzi ni huyu," aliuliza, "wewe je, ni nani?"

Mwanamke alimwachia mtoto mkono. Mtoto akaenda mbio, akayakumbatia magoti ya mama mfua nguo.

"Mimi," alisema, "ndiye niliyeiandika barua hiyo."