Kikohozi cha Baba Agripina

Miaka hiyo familia ya kila marehemu iliachiwa sauti yake, yenye kuongea na kujibu maswali, ikae sebuleni na kuwakumbusha watoto maisha ya mzazi wao. Sauti ya Otmari Kapinga, mchimba makaa ya mawe wa milima ya Umatengo, ililetwa na mgodi wenyewe baada ya matanga.

Mwanzoni mkewe, Konsesa, aliifurahia, na binti yao Agripina aliisikiliza kila usiku hadi usingizi umchukue. Ilikumbuka hata jinsi Otmari alivyooga kwanza uani kabla ya kumbeba bintiye, asimpake vumbi jeusi. Lakini jioni moja aliiuliza habari za kikohozi kilichomuua.

"Kikohozi gani, Mama Agripina? Kifua changu kilikuwa kizima siku zote."

Konsesa akamgeukia binti yake.

"Ni kweli, mama," alisema Agripina. "Baba hakuwahi kukohoa."

Na ndiye aliyekuwa akimshikia baba yake beseni la kutemea damu!

Konsesa alimvuta jikoni, akafunga mlango, akaanza kumsimulia kwa kunong'ona ugonjwa wa baba yake. Binti alikunja uso, kisha machozi yakamlenga.

"Beseni la bluu," alisema.

Kule sebuleni sauti ikaita, kwa upole uleule wa Otmari: "Mama Agripina, mnanong'ona nini huko?"