Hongera, Mama Idrisa

Tangu sheria ikatae kwamba mtoto anaweza kufa katika chumba cha wagonjwa mahututi, matanga ya watoto yamepigwa marufuku. Saumu alikabidhiwa kisanduku chenye sauti ya mwanawe, akaambiwa Idrisa amehamishiwa humo tu. Majirani walikuja na keki.

"Hongera, Mama Idrisa."

"Hongera ya nini? Nimemfumba macho kwa mkono huu. Hakuna hata mmoja wa kuniambia pole?"

"Taratibu, wifi," dada wa mumewe alinong'ona. "Kinasikia."

Walipoondoka, Saumu alikifunika kisanduku kwa kanga.

"Pole, mama," sauti ya Idrisa ikasema.

Saumu akaketi sakafuni akalia, akiwachukia wote walioiachia mashine neno hilo.