Mtindi wa Sikudhani

Kila mlango wa mji ule uliua seli zisizo na kiini, ili bakteria wasipenye ndani. Watu walishabadilishwa damu. Chembe zao nyekundu zilikuwa na kiini, kama za kuku. Lakini binti wa Sikudhani alizaliwa nyumbani na damu ya zamani, isiyo na kiini, Mungu ndiye ajuaye kwa nini. Akivuka kizingiti, atakufa.

"Sasa huyu hataliona jua?" mama yake Sikudhani akauliza.

Sikudhani akauzima mlango, akambeba mwanawe, akatoka naye nje.

Siku chache baadaye maziwa yaliganda bakulini. Mama yake Sikudhani, aliyeyaonja hivyo mara ya mwisho utotoni, akalamba kidole, machozi yakamtoka. "Mtindi, mwanangu! Huu ni mtindi!"

Mtoto akapiga chafya. Wakatazamana.

Kisha Sikudhani akachukua kijiko.