Kamba za Nyegere

Hakuna mkandarasi aliyekuwa na haraka kama Nyegere. Siku moja Kima, fundi wake, alimwita kutoka juu ya jukwaa la miti iliyofungwa kwa kamba: "Bosi, kamba hizi zimeoza! Tuletee mpya!"

"Zimejenga ghorofa tatu wala hazijalalamika!" Nyegere akafoka. "Piga plasta!"

Kima akapiga plasta. Kabla ya saa sita kamba ilikatika, upande mmoja wa jukwaa ukaporomoka, na Kima akavunjika mguu.

Wanyama wakamburuta Nyegere hadi kwa hakimu, Nyumbu mpole.

"Kima amezembea, mheshimiwa," Nyegere akaapa. "Jukwaa ni imara! Upande wa pili bado umesimama, na kamba ni zile zile!"

"Vizuri," Nyumbu akasema. "Twende. Panda huo upande wa pili, urukeruke mara tatu, kesi iishe."

"Panda! Panda!" wanyama wakashangilia walipofika kwenye jukwaa.

Nyegere akaweka mguu kwenye mti wa kwanza. Akatazama juu. Akautoa mguu.

"Mheshimiwa," akanong'ona, "naomba kwanza kamba mpya."

"Hata Kima aliomba hivyo hivyo," Nyumbu akasema. "Mtibu, mlishe mpaka apone. Kesi imekwisha."