Kambale wa Nyuma ya Nyumba

Mnyoo alirudi mzima kwa mara ya tatu, amelowa tu. Msusi alimtazama akining'inia kwenye ndoano, akahisi machozi yanamlenga.

"Umesimama vibaya!" baba yake alipaza sauti kutoka dirishani. "Kivuli chako kiko majini. Bwawa dogo hilo, samaki anakuona kabla hujamwona. Chuchumaa!"

Akachuchumaa. Saluni wateja humwogopa kwa ulimi wake. Hapa alipangiwa hata pa kuweka goti.

Bwawa lenyewe lilikuwa shimo la zamani la udongo wa matofali, hatua ishirini kutoka ukingo hadi ukingo. Mzee alisema ndani yake mna kambale mmoja, mnene kama paja, na kwamba yeye hakanyagi hospitali mpaka amwone ametolewa. Kidole kimoja cha mguu wake wa kulia kilikuwa cheusi, cha pili kinafuata. Sukari hiyo. Daktari aliyeitwa nyumbani Jumatatu alfajiri alikuwa amesema bila kupamba: "Vidole viwili, leo. Akichelewa, sijui nitaishia wapi kukata. Na siwezi kumkata mtu asiyetaka."

"Huyo ananipunja," mzee alijibu. Alikuwa ametengeneza mizani za madukani miaka arobaini, na hakuwa na tusi kubwa kuliko hilo.

Msusi alikuja Jumatatu hiyo asubuhi kumchukua, teksi ikimngoja nje. Ndivyo alivyokuja siku zote tangu ahamie mji wa pili: kidogo tu, begi begani, mdomoni habari za wateja wanaosubiri. Alibembeleza, akafoka, akalia. Mzee aling'ang'ania kambale wake. Mwishowe teksi ikaondoka bila abiria, na msusi akaenda kuchimba minyoo.

Jumanne alijaribu unga uliokandwa na kitunguu saumu. Mzee akamwelekeza neno kwa neno: usirushe katikati, rusha sambamba na ukingo, pale maji yanapoanza kuwa na kina. Mshipi mwembamba, kipande kidogo cha risasi cha kuuzamisha, kisianguke kwa kishindo. Tembea kama mwizi. Hakuna kilichogusa. Viluwiluwi tu, wamejaa ukingoni kama mbegu za papai, wanacheza bila wasiwasi wowote.

"Ana akili huyo," mzee alisema kwa furaha, ameegemea mito, kikombe cha chai mkononi. Alikula vizuri siku hiyo. Mguu ulikuwa umeanza kunuka.

Jumatano ilikuwa zamu ya maini ya kuku. Yalipokataliwa, msusi alikata kijiko cha chai, akakitoboa, akakifunga kwenye mshipi king'ae kama kisamaki. Jirani akachungulia juu ya ua.

"Dada, hilo bwawa bora mlifukie. Mbu wake wanatumaliza."

"Nikishamtoa," msusi alisema, macho majini.

Jioni alikaa kitandani kwa baba yake, akachukua nyuzi nyekundu za rasta alizokuwa nazo kwenye begi, akazisuka juu ya ndoano na kutia shanga mbili ziwe macho. Mzee alimshikia ncha ya uzi. Walicheka. Walimsema marehemu mama mtu, jinsi alivyokuwa akisuka mikeka huku akiimba vibaya. Mzee aliposinzia, msusi alimgusa mguu. Ulikuwa wa moto mpaka kwenye kifundo. Akaufunika haraka, akaenda kulia jikoni.

Alhamisi asubuhi, mzee akaelekeza tena. "Kivute. Kiache kizame. Hesabu tano. Kivute tena, kionekane kinaumwa." Msusi alivuta mpaka vidole vya mikono vikavimba. Akaingia ndani, akapiga magoti kwenye zulia.

"Baba, nakuomba. Utakufa hapa, na mimi naangalia."

"Mtoe kwanza."

Basi akachukua ndoo, akaenda sokoni mbio. Alirudi na kambale mzima aliyefunikwa kwa khanga, akapita nyuma ya matete ili dirisha lisimwone. Akamtia ndoano mdomoni. Akamtosa majini, akapiga yowe, akajiangusha ukingoni kwa makusudi. Samaki alipigana kwelikweli, hilo halikuwa la kuigiza. Alimwinua kwa mikono miwili mbele ya dirisha, roho ikimsuta.

Mzee alimtazama samaki. Halafu akamtazama binti yake, tope mpaka kifuani, mdomo unamcheza.

"Haya," akasema. "Nipe shati langu la kutokea."

Hospitali, daktari alifungua bandeji, akaangalia, akaifunika tena taratibu.

"Chini ya goti," alisema. "Vidole vilikuwa vya Jumatatu."

Msusi alishika ukingo wa kitanda. "Baba, nisamehe. Nimekudanganya. Yule samaki nimemnunua sokoni. Ningemnunua siku ile ile, leo ungekuwa na mguu wako."

"Nyamaza, mwanangu." Mzee alimfuta tope lililobaki shavuni. "Bwawani hamna samaki. Wa mwisho nilimla mimi, mwaka tuliomzika mama yako."

Akawaashiria wauguzi wasukume kitanda.

"Siku nne umekaa nyumbani," alisema. "Kwa mguu mmoja, sikupunjwa."