Beki Chini ya Mkeka

Jogoo alipanda barazani, akawika, na hakuna aliyemfukuza. Poasa alimsikia tu. Kumwona hakuweza, maana alikuwa amepiga magoti uani kwa watu, kafunikwa gubigubi kwa mkeka laini wa ukoo, jasho likilowesha suti ya timu ya taifa aliyoivaa ndani.

Yeye na baba yake mkubwa walifika kabla hakujapambazuka, wakipita njia ya mlimani ili wasikutane na mtu. Mbele yao waliweka mawe, kuni na majani ya migomba, kama wazee walivyofundisha: tumekosa, tuokeni kama nguruwe mkitaka. Mwenye nyumba akitoka na kukufunua, umesamehewa. Asipotoka, baraza la kijiji lilikwishasema, Poasa hapandi ndege.

Na ndege ya Fiji ilikuwa saa tisa alasiri.

Miaka yote hiyo! Alianza mpira pekupeku, katika kijiji ambacho mwanamume ni raga, wakamwita beki wa kuku. Akafika timu ya taifa, akakaa benchi mpaka benchi likazoea umbo lake. Ijumaa kocha akamwambia jiandae, safari hii unaanza. Jumamosi, kwenye mechi ya vijiji, akateleza miguuni mwa Ionatana, kijana wa nyumba hii, akaupata mpira, akaupata na mguu. Ulilia kama kuni kavu. Uwanja ukachafuka, mawe yakaruka, kila ukoo ukaburuta watu wake kwao.

Kando yake alipiga magoti baba yake mkubwa Leuta, mkuu wa ukoo, bandeji kichwani.

"Ungecheza raga," Leuta alinong'ona. "Kule mtu akivunjwa anasema asante."

"Baba mkubwa, mpira niliugusa kwanza."

"Kauambie huo mguu."

Jua likapanda. Kwenye upenyo wa mkeka Poasa aliona mapazia ya makuti yameshushwa nyumba nzima, na joto lote lile. Leuta akasema wamo humo ndani, wanatuchungulia, mioyo imekuwa mawe. Jikoni hapakufuka moshi. Leuta akasema hasira zimewashibisha. Nguruwe akaingia jikoni, akapindua sufuria, akala kwa makelele, na hakuna aliyemkemea.

Poasa aliuma meno. Chuki gani hii, ya mtu kumwachia nguruwe chakula chake ili mradi asikuone uso?

Ng'ambo ya barabara majirani walikuwa wakicheka. Mmoja alianza kusema neno, mwenzake akamziba mdomo. Poasa alitaka kuita mwenye nyumba, kumwambia toka basi, nipige, lakini nifunue. Leuta akamfinya paja. Aliye chini ya mkeka hasemi wala hasemeshwi.

Magoti yakafa ganzi. Kivuli cha mnazi kikamfikia, kikampita. Kisha angani ndege ikanguruma, ngurumo ikakata kuelekea baharini, ikafifia. Mkono wa Leuta ulitafuta mgongo wa Poasa, ukatulia hapo, na beki yule wa kuku akalia kama mtoto.

Ndipo mkeka ukafunuliwa.

Mwanga ulimpiga machoni. Aliyesimama mbele yao akihema alikuwa Bibi Fuatino, mama yake Leuta, waliyemwacha nyumbani amelala. Vumbi limempanda mpaka magotini, fimbo mkononi.

"Nimetembea tangu asubuhi na miguu hii," alisema. "Leuta mwanangu, inuka twende nyumbani. Watu wa nyumba hii wote wako uani kwetu tangu alfajiri, chini ya mikeka, kwa lile jiwe walilokupiga kichwani. Na mimi si mkuu wa ukoo, siwezi kuwafunua."