Mtani Amelala Kaburini

Kefa alijinyoosha kaburini, akakunja mikono kifuani, akaomba ugoro.

Juu yake, waombolezaji walimzunguka kwa nyuso zilizonuna. Maiti ya Mzee Ndahani, iliyoviringishwa ngozi ya ng'ombe, ilikuwa imelazwa juani ikingoja shimo lake liachwe wazi. Kefa hakuwa na haraka. Ukoo wake na ukoo wa Ndahani walikuwa watani tangu enzi za mababu, na Ugogo nzima inajua kwamba mtani akishuka kaburini hatoki mpaka apewe kitu, wala hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Jina la Kefa alipewa na wamisionari wa Mvumi. Utani alizaliwa nao.

"Mpeni kuku," alisema mjane, Mbeleje.

Kefa alijibu kwamba marehemu alikuwa bahili wa kumnyima mtu hata harufu ya ugoro wake, na bahili wa kiwango hicho hakombolewi kwa kuku. Wakapanda mpaka mbuzi. Akauliza kama ni yule mbuzi aliyekonda kuliko marehemu. Halafu akalisema na shimo lenyewe: fupi, limechimbwa kwa uvivu, kidogo tu pua yake ichungulie nje. Na tena, mtu mwenye mji wake huzikwa zizini kwa ng'ombe wake. Huyu wamemleta huku porini kufanya nini? Na kwa nini mtani hakuitwa, mpaka asikie vilio akiwa njiani? Yote hayo aliyaongeza kwenye bei.

Kwa kweli alichokitaka alikuwa amekilalia.

Kilima kile kilikaa katikati ya mbuga, na mvua zikinyesha maji hukizunguka pande zote kikawa kisiwa. Udongo wake ulishika unyevu hata pale uwele wa nchi nzima uliposinyaa. Kefa alikuwa amekiomba mara nyingi, walau pembe moja ya kulima, na kila mara Ndahani alicheka mpaka akakohoa. Baba yake Loisi, msichana ambaye Kefa alitaka kumwoa, naye alikwishatoa neno: binti yake haolewi kwenye vumbi. Mvua hizi zikiisha Kefa hana shamba, Loisi atachumbiwa na mwenye shamba.

Juu ya hayo, akazuka Mjerumani. Watu walimwita Bwana Miwani. Tangu utotoni kwao Ulaya alikuwa akiota kisiwa chake mwenyewe chenye mipapai, kuku na nyumba ya baraza, na alipoambiwa kwamba katikati ya Ugogo kuna kisiwa, nusura ambusu punda wake. Bomani walikwishamkubalia anunue. Ndahani hakuulizwa kama anauza.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimewahi kumrudisha nyuma Bwana Miwani. Kule Buigiri aliacha shamba zuri kwa sababu ya makaburi mawili. Mkewe alikuwa njiani anakuja, na mama huyo, ilisemekana, aliogopa makaburi kuliko simba.

Leo alikuwa amefika na rupia zake, akakuta mazishi. Akavua kofia, akaketi juu ya sanduku chini ya mwavuli, akangoja mpaka mwisho kwa heshima. Kefa alimtazama kutoka shimoni akawaza kwamba Ndahani alikuwa na bahati hata ya kufa: kaburi hili likishafukiwa, Mzungu kwisha habari yake. Kilichobaki ni kuwawahi warithi.

Ugoro ukaletwa. Kefa akavuta, kisha akamrushia na marehemu kidogo, asije akalalamika huko aendako. Chafya ikasikika. Masaka, mtoto mkubwa wa marehemu, akajifuta pua upesi upesi.

"Sasa semeni," Kefa alisema. "Mimi hapa pananitosha. Nataka kilima."

Masaka alisema hicho hapana. Kefa akafumba macho, akaanza kukoroma.

Jua likapanda. Mbeleje alikuwa akiipepea ile ngozi kwa kitambaa, akiinyunyizia maji, akirudi kumtazama Bwana Miwani, ambaye hakuonyesha dalili ya kuondoka. Kefa alishangaa moyoni. Wakati wa uhai wa mzee, hakuwahi kuona anapendwa hivyo.

"Kefa, mtani wangu," mama yule alisema, "toka. Jua litamuua mwenzio."

"Limechelewa."

Mbeleje akaitazama ngozi. Akalitazama jua. Akamtazama Mzungu.

"Chukua," alisema. "Chukua kilima chote, na watu wote wamesikia. Toka."

Kefa akataka wazee wa koo zote mbili waitikie. Wakaitikia, wengine kama watu wanaomeza mwiba. Akaruka nje, akajipangusa vumbi la shamba lake.

Maiti ikashushwa taratibu, kama yai. Konzi mbili tatu za udongo zikatupwa. Bwana Miwani aliinamisha kichwa, akalitazama kaburi kwa huzuni ya mtu anayezika kuku na mipapai, akapanda punda. Maji yakamfika punda tumboni, wakaenda zao.

Kwa moyo mweupe wa mwenye shamba, Kefa alishika jembe aanze kufukia. Mbeleje akamdaka mkono, macho yakimfuata yule punda mpaka alipopotelea nyuma ya migunga.

"Mzungu ameshakwenda," akaiambia ngozi.

Ngozi ikakaa kitako, ikapiga chafya, na Mzee Ndahani akamkazia Kefa macho ya mtu anayejikumbusha, kwa taabu kubwa, kwamba mtani hapigwi.